Unataka Mashine Kubwa Kwenye Canter? Anzia Hapa

Canter yako imekuchosha. Umepakia mchanga Donge asubuhi, na ukifika Chukwani wenzako wameshamaliza tripu ya pili. Fundi amekwambia dawa ni kushusha hiyo mashine ndogo na kupandisha kubwa. Kazi hiyo inafanyika, tena inafanyika vizuri, hapa hapa Unguja. Ila ina mpangilio wake. Ukiufuata, gari itakulipa. Ukiuruka, utalipa mara mbili.

Ipime kwanza uliyonayo

Gari nyingi zinazokosa nguvu zina mashine ya ukubwa unaotosha. Kinachozimaliza ni uchafu, marekebisho yaliyoachwa na breki zinazokamata. Tenga siku moja ya ukaguzi kabla hujampa mtu yeyote arbuni.

Anza na hewa. Toa eya klina uiangalie juani. Njia za ndani za Chukwani, Buyu na Fumba zina vumbi jeupe la mawe ya chokaa, laini mno, na linaziba eya klina mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kama huoni mwanga upande wa pili, badilisha. Usiigonge chini ukairudisha. Karatasi yake huchanika, na vumbi likapata njia ya kuingia kwenye silinda.

Kisha dizeli. Badilisha filta, mwaga maji yaliyokaa chini yake, na safisha chujio la kwenye tangi kama lipo.

Sasa pedeli. Mwambie utingo akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe ukitazama mkono wa pampu. Unatakiwa ugonge stopa yake. Mara nyingi hauifikii, kwa sababu waya umelegea au zulia limejikunja chini ya pedeli. Hiyo ni nguvu uliyokwisha kuilipia na huitumii. Kaza waya, endelea.

Breki ndizo mwizi mkubwa wa nguvu. Piga jeki nyuma, weka stendi, tia gia nyutro, zungusha magurudumu kwa mkono. Ukisikia linakwaruza au linagoma, fungua haba ukatazame. Gari inayovuta breki zake yenyewe hata ukiipa mashine ya Fuso itabaki nzito.

Klachi nayo ina kipimo chake. Ukiwa na mzigo barabarani, mwendo mdogo, weka gia ya nne ukanyage mafuta. Mlio ukipanda na gari ikabaki pale pale, klachi inateleza. Mashine kubwa haitaitibu klachi hiyo. Itaimaliza.

Tazama moshi. Mweusi unakwambia dizeli ni nyingi kuliko hewa: eya klina, noseli au pampu iliyochezewa. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata mashine ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda.

Kipimo cha mwisho ni pumzi. Mashine ikiwa na moto na inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikitoka kwa nguvu, kwa mapigo, na moshi ukifuata, ringi zimechoka. Hapo thibitisha kwa kipimo cha kompresheni, na mtake fundi akuandikie namba za silinda zote nne kwenye karatasi. Zikikaribiana na zikafika kiwango cha kitabu, mashine yako ni nzima. Peleka noseli zikapimwe, rekebisha nafasi za valvu, na pesa yako ibaki mfukoni.

Kompresheni ikiwa imeanguka, utaishusha hiyo mashine utake usitake. Na hapo ndipo mashine kubwa inapoingia akilini. Klachi, sili, gasketi na siku za fundi utazilipa vile vile, iwe unafanya ovahoo au unabadilisha. Ushauri wangu ni huu: badilisha wakati ya zamani imeshakulazimisha kuishusha, na si siku yoyote nyengine.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea, nalo ni mzigo. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kama tani moja na nusu. Ukiloa kwa mvua za masika unakaribia tani mbili. Kama gari yako ni ya tani tatu na bodi umeiongeza mbao pembeni, huenda kila siku unabeba tani nne au tano bila kujua. Mashine kubwa haiongezi hata kilo moja ya uzito ulioandikwa kwenye kadi. Springi, ekseli, tairi na breki ni zile zile.

Kaa ndani ya familia moja

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mtu anaiona mashine nzuri, kubwa, bei rahisi, anainunua. Kisha anagundua haiafikiani na gia boksi, maunting zake ziko kwengine, na sampu inagonga ekseli ya mbele. Anaanza kukata na kuchomea. Gari inakaa gereji miezi.

Watengenezaji hutoa mashine kwa familia: bloku za mpango mmoja, silinda zimepanuliwa au mwendo wa pistoni umerefushwa. Ukipanda ngazi ndani ya familia hiyo hiyo, vitu vingi vinakubaliana bila kulazimisha.

Kwa Canter za zamani, familia ni ya 4D3. Mashine ya 4D32 ina lita 3.6 na 4D33 ina lita 4.2. Hiyo ndiyo hatua ninayoipenda kwa gari ya mchanga na matofali. Haina turbo, haina kompyuta, pampu yake ni ya kawaida, na kila fundi wa Unguja ameshaifungua. Ongezeko la ukubwa ni kama asilimia 18. Nguvu nayo itegemee kupanda kwa kadiri hiyo, isiwe zaidi. Ikiwa muuzaji anakuahidi gari itavuta mara mbili, muuzaji huyo nenda naye kwa hadhari.

Toyota Dyna zina familia ya B: 14B ya lita 3.7 na 15B ya lita 4.1. Isuzu Elf wana 4HF1 ya lita 4.3 na 4HG1 ya lita 4.6. Kwa Hilux na Hiace, ngazi ni 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, kisha 5L ya lita 3. Kutoka 2L kwenda 5L utaona tofauti kubwa. Kutoka 3L kwenda 5L ni asilimia saba tu ya ukubwa, kwa hiyo usibadilishe 3L iliyo nzima kwa sababu hiyo peke yake. Hizi za L zina mkanda wa taimingi. Mashine ikiwa bado chini, weka mkanda mpya na tenshena yake, hata muuzaji akiapa kwamba upo vizuri.

Na turbo? Ikiwa mashine imetoka kiwandani na turbo yake, na unaichukua nzima pamoja na mabomba yote, sawa. Kuchukua turbo ukaifunga kwenye mashine isiyokuwa nayo, usifanye. Pistoni na upoozaji wake havikutengenezwa kwa joto hilo.

Mashine za kompyuta ni kazi nyengine kabisa. Bila ya kompyuta yake, nyaya zake zote, sensa zake na pedeli yake, umenunua chuma. Kama fundi wako wa umeme hajawahi kuifanya, usimfanyie darasa kwenye gari yako.

Kumbuka pia tunaishi wapi. Sehemu ya juu kabisa ya kisiwa hiki, upande wa Masingini, haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Hatuna mlima mkali kama Kitonga hapa. Gari ya Unguja inahitaji kuondoka na mzigo bila kulia, na kuwa na subira ya joto kwenye foleni ya Mwanakwerekwe. Hatua moja ya ukubwa inatosha. Anayeruka hatua tatu analipia nguvu ambayo barabara zetu hazina pa kuitumia.

Ukienda kununua

Mashine used tunazozipata hapa huja kwa kontena kutoka Japani, nyengine hupitia Sharjah, na nyingi hununuliwa Gerezani, Dar es Salaam, zikavushwa kwa boti. Popote utakaponunua, nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi wa muuzaji ana mwajiri wake.

Beba spana ya kuzungushia puli ya krankshafti. Izungushe mashine kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Mizunguko miwili ndiyo inayoipitisha kila pistoni kwenye kazi zake zote nne. Mkono wako usikie ukinzani wa kompresheni mara nne, sawa sawa, na katikati yake ulaini. Ikikwama mahali, iache. Ikiwa sehemu moja inapita bila ukinzani wowote, iache pia.

Fungua kifuniko cha oili, kigeuze. Ukikuta ute mweupe kama tui, maji yameshaonana na oili. Chomoa kijiti cha oili ukipanguse kwenye karatasi nyeupe. Oili nyeusi si kitu kwa dizeli. Chembe zinazometa ndizo za kuogopa, kwa sababu hizo ni bearing zinazosagika.

Tazama njia za maji. Chungulia pale rejeta hozi inapoingia. Kutu nyingi na magaga meupe maana yake mashine ilinyweshwa maji ya ovyo maisha yake yote. Gonga vile visahani vya chuma vinavyoziba matundu ya maji ubavuni mwa bloku. Vikitoboka au vikivuja jasho, hesabu kuvibadilisha vyote kabla mashine haijapanda, maana ikishapanda cha nyuma kabisa hutakifikia bila kushusha tena.

Sasa orodha ya unavyopaswa kuondoka navyo. Nunua mashine na flaiwili yake, haozingi ya flaiwili, pampu na noseli zake, staata, alteneta, feni, mabano ya maunting na mabomba yote. Muuzaji atataka kukuuzia bloku na hedi kisha vilivyobaki akuuzie kimoja kimoja. Kataa. Ukivijumlisha, vimoja vimoja hupita bei ya mashine.

Kwenye alteneta usimame kidogo. Canter nyingi hupata vakyumu ya breki kutoka pampu iliyofungwa nyuma ya alteneta. Alteneta isiyokuwa na pampu hiyo itachaji betri vizuri kabisa na itakuacha na pedeli ya breki ngumu kukanyagika ukiwa na tani tatu nyuma. Hakikisha pampu ipo, na bomba lake dogo la oili lipo pamoja na hozi ya kurudishia. Bila ya oili, pampu hiyo hukwama haraka.

Soma volti. Canter nyingi ni volti 24 kwa betri mbili, Hilux ni 12, Dyna kuna za aina zote mbili. Staata, alteneta na swichi ya kuzimia mafuta lazima vifanane na gari yako. Kibandiko kikiwa kimefutika, peleka kwa fundi umeme apime.

Mwisho, namba. Mashine ina namba iliyogongwa kwenye bloku. Ipige picha. Iandikwe kwenye risiti, herufi kwa herufi, pamoja na jina la muuzaji. Pahali pa namba pakiwa pamesuguliwa, ondoka hapo dukani. Ikiwa unaivusha kutoka Dar es Salaam, karatasi za bandarini ziweke pamoja na risiti hiyo. Utazihitaji. Na ziba kila tundu kwa plagi au tambara na tepu kabla haijapakiwa botini. Maji ya chumvi yakiingia kwenye tundu la ulaji hewa huhitaji siku chache tu kuharibu silinda.

Siku ya kushusha

Usikubali mashine ining'inizwe kwenye tawi la mwembe. Najua imefanywa miaka mingi. Mashine ya namna hii ina zaidi ya kilo 300, na chini yake kuna mikono na miguu ya vijana wa watu. Kodi fremu ya chuma na cheni bloku kwa siku moja, au peleka kazi kwenye gereji iliyo nazo.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha. Nyaya, hozi, mabomba, kila bano. Funga karatasi yenye namba kwenye kila waya unaochomoa. Bolti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake. Dakika 20 hizi zitakuokolea siku nzima.

Ya zamani ikishatua, ziweke mashine mbili ubavu kwa ubavu. Hii ndiyo saa muhimu kuliko zote katika kazi nzima, kwa hiyo usimruhusu mtu akuharakishe. Chukua futi ya chuma. Pima kutoka uso wa haozingi mpaka mabano ya maunting, kwa zote mbili. Tazama sampu: kina chake kiko mbele au nyuma? Kama hakifanani, hamisha sampu ya zamani pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, ikiwa zinakubaliana. Tazama upande wa staata. Tazama upande egzosi inapotokea. Lolote lisilofanana litatue hapa chini, kwenye mwanga, na si mashine ikiwa imeshaning'inia kwenye cheni.

Kisha chukua sahani ya klachi utakayoitumia na uiingize kwa mkono kwenye shafti ya gia boksi yako. Iteleze mpaka ndani bila kulazimishwa na isicheze. Meno yakipishana hata kidogo, simamisha kazi utafute sahani sahihi.

Klachi weka mpya yote: sahani, presha pleti, bearing ya kuachia na ile ndogo ya katikati ya flaiwili. Flaiwili ikapigwe uso kwa mkerezaji. Badilisha oili sili ya nyuma ya krankshafti. Sili yenyewe bei yake ni ndogo, lakini ikivuja baadaye utaishusha gia boksi nzima kwa ajili yake. Bolti za flaiwili kaza kwa spana ya toki, kwa kipimo cha kitabu. Zisikazwe kwa kukisia.

Raba za maunting ziwe mpya. Mashine kubwa hutikisika zaidi ikianza, na raba zilizochoka zitaiacha igonge feni kwenye rejeta.

Ikiwa lazima ugeuze bano, lifunge kwa bolti kwenye matundu yaliyopo ya chesisi. Kuchomea kwenye mbavu za juu na chini za chesisi hudhoofisha chuma pale pale inapobeba mzigo, na ufa huanzia hapo. Kukiwa na kuchomea popote kwenye gari, chomoa betri na waya za alteneta kwanza.

Kabla ya kupandisha, hamisha sensa ya joto na ya presha ya oili kutoka mashine ya zamani. Geji zako za dashibodi zinazijua sensa zake. Ukibadilisha sensa, sindano inaweza kukuonyesha baridi huku mashine inachemka.

Rejeta, na habari ya thamostati

Mashine kubwa inatoa joto zaidi, na sisi tunaishi penye joto. Rejeta ya mashine ndogo haitoshi. Itafute ya gari iliyotoka kiwandani na mashine hiyo, au mpe fundi rejeta aongeze safu ya mirija. Weka na kava ya feni. Watu wengi huitupa kwa sababu inasumbua kuifunga. Bila ya kava, feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta, hasa ukiwa umesimama kwenye foleni.

Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa. Unayaona kwenye birika lako la chai: magaga meupe chini. Magaga hayo hayo hujenga ndani ya rejeta na ndani ya bloku, na joto likakosa pa kutokea. Huku pwani ya Chukwani visima vingine vina na chumvi pia, na hapo kutu inaongezeka. Nunua kulanti ya kuchanganya na maji ya betri, au ile iliyokwisha kuchanganywa. Hesabu bei yake tangu mwanzo, isije ikawa kitu cha kukatwa mwishoni pesa zikipungua.

Na fundi atakwambia: “Thamostati tuitoe, huku kwetu joto, haina kazi.” Mwambie hapana, kwa adabu na bila kuyumba. Thamostati ndiyo inayoifikisha mashine kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Mashine ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta zaidi, huchafua oili na kusaga silinda. Kwenye mashine nyingi kuna na njia ndogo ya maji ambayo thamostati huifunga ikishafunguka. Ukiitoa, maji mengi yanapita njia hiyo bila kufika kwenye rejeta, na mashine inachemka kwa dawa ile ile uliyopewa ya kuipooza. Weka thamostati mpya, ya kiwango kile kile. Ijaribu kwanza ndani ya sufuria la maji jikoni: ifunguke maji yakiwa moto, ijifunge yakipoa.

Difu, pampu na breki

Difu inaamua nguvu ya mashine inafikaje chini. Fungua, hesabu meno. Meno 37 kwa 6 ni uwiano wa 6.17: mvuto mwingi, mwendo mdogo. Meno 40 kwa 7 ni 5.71: inakimbia zaidi, inavuta kidogo. Kwa gari ya mchanga inayotembea kisiwani, mimi ningebaki na difu yenye mvuto. Kwa gari ya bidhaa inayokwenda Nungwi na Makunduchi tupu kwa masafa marefu, hiyo ya pili itakupunguzia kelele na mafuta. Usibadilishe difu pamoja na mashine kwa mara moja. Iendeshe kwanza mashine mpya wiki chache na difu yako ya zamani, kisha uamue.

Pampu usiichezee. Kuna mafundi wanaoifungulia skrubu ya mafuta mpaka moshi mweusi utoke, na wenye gari hufurahi siku ile kwa kuona inachomoka. Dizeli ile isiyoungua inaosha kuta za silinda na joto la egzosi linapanda. Ukitaka pampu irekebishwe, ipelekwe kwenye mashine ya kupimia pamoja na noseli zake, na ukipewa karatasi ya vipimo uiweke.

Bomba la egzosi liwe la kipenyo cha mashine mpya, tangu juu mpaka kwenye sailensa. Vivyo hivyo hozi ya hewa.

Breki nimeziweka mwisho hapa, ila kwenye orodha yako ya pesa ziweke mwanzo. Gari itakayofika Kiembesamaki haraka zaidi lazima isimame haraka zaidi. Laining mpya, silinda za magurudumu zisizovuja, mafuta mapya ya breki. Pesa zikikosekana kwa breki, ahirisha kazi yote mpaka zipatikane.

Makaratasi

Kadi ya gari ina namba ya mashine na ukubwa wake. Vyote viwili vimebadilika. Nenda ofisi inayosajili vyombo vya moto ukiwa na kadi, risiti, karatasi za forodha kama zipo, na barua ya gereji iliyofanya kazi, yenye muhuri. Gari ikakaguliwe, kadi ibadilishwe. Fanya hivyo kabla hujaanza kubeba mzigo wa watu.

Kisha mjulishe wakala wako wa bima kwa maandishi. Ajali ikitokea na namba ya mashine ikapishana na iliyoandikwa, umewapa sababu ya kukukatalia. Na siku ukitaka kuuza gari, mnunuzi makini ataanza na namba hiyo.

Kuiwasha na kuizoesha

Tia oili, tia kulanti. Toa upepo kwenye dizeli: legeza skrubu ya filta, piga pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Zuia mafuta, piga staata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo uiwashe.

Iache iungurume taratibu, wewe ukizunguka na tochi. Tazama presha ya oili, tazama kila kiungo cha bomba. Hozi ya juu ya rejeta itakaa baridi kwa muda kisha ipate moto kwa ghafla. Hiyo ni thamostati inafunguka, na ni dalili nzuri. Kanyaga breki mara tano sita uone vakyumu inarudi.

Siku ya kwanza tembea tupu, zunguka Chukwani na Kiembesamaki, urudi. Ikipoa, kagua bolti zote za maunting, egzosi na propela, na uongeze kulanti iliyoshuka. Siku zinazofuata beba nusu ya mzigo. Ikikaa sawa, beba mzigo kamili na uelekee upande wa Masingini kwenye mwinuko, macho kwenye geji ya joto. Sindano isimame pale pale ulipoizoea.

Oili ya kwanza imwage mapema, baada ya kilomita 1,000 hivi, pamoja na filta. Ikate filta uangalie karatasi yake ndani. Chembe za chuma zikiwa nyingi, rudi kwa muuzaji ukiwa na ile risiti.

Na mashine ya zamani usiiuze bado. Ifunike turubali, iweke kivulini mpaka mpya ifikishe mwezi mzima wa kazi. Staata yake, alteneta yake na pampu yake ya maji zinaweza kukutoa kwenye shida kabla boti ya Dar es Salaam haijaleta spea.